Maswali ya Wasomaji: Mawazo Yanapojirudia

SWALI: Kazi yangu ni kubuni nembo na mabango. Mwaka mzima sasa, kila ninachochora kinafanana na cha jana. Nimejiunga na makundi sita ya wabunifu kwenye simu na bado sioni jipya. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, makundi ni sita ila watu ni wale wale. Mwanasosholojia Mark Granovetter alilieleza hili mwaka 1973: rafiki wa karibu anajua mengi ambayo tayari unayajua, lakini mnayejuana kwa salamu tu anaishi na watu wengine, na habari zake ni ngeni kwako.

Andika majina ya watu kumi uliozungumza nao kuhusu kazi mwezi huu. Unganisha kwa mstari kila wawili wanaojuana. Ukurasa ukijaa kama utando wa buibui, tatizo ni hilo. Usiwaache hao, kwani ndio watakaokwambia kazi ikiwa mbovu. Ongeza wawili tu wasiojuana na yeyote kwenye orodha. Ukiongeza sita kwa mpigo hutawamudu.

Ukikutana nao, tafadhali usiwaombe wazo la nembo. Watakupa walichokwisha kukiona mtaani. Uliza kazi yao inawasumbua wapi. Fundi cherehani atakuonyesha anavyopanga vipande kabla ya kukata: kola inaingizwa kwenye upinde ulioachwa na kwapa, na bado uzi wa kitambaa lazima uelekee upande wake. Nafasi tupu ndiyo unayohangaika nayo wewe kwenye bango.

Kuhusu mambo unayopenda kufanya nje ya kazi, chagua moja la kufanya kwa mikono, saa mbili kwa wiki, miezi mitatu. Kutazama video tu kunakuonyesha kitu kilichokamilika, ugumu wake huuoni. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi matembezini mbegu zimemganda mbwa wake. Wengi huzibandua na kuzitupa. Yeye aliziweka chini ya hadubini, akaona vijindoano vinavyonasa kwenye vitanzi vya manyoya, na hapo ndipo kilipoanzia kifungo cha kunata cha viatu na mabegi.

Weka daftari, na kila jambo jipya unalokutana nalo lipe mistari mitatu: ulichoona, kinavyofanya kazi, na tatizo lako linalofanana nacho. Mstari wa tatu ukikushinda, uache wazi, uurudie baada ya wiki. Ukiulazimisha siku hiyo hiyo, utaandika lile ulilolizoea.