Safu ya Viungo: Goti la Muuza Vitumbua

SWALI: Mtaalamu, salaam. Nina miaka 58, nauza vitumbua Barabara ya 12, Ngamiani. Mwaka wa pili huu goti la kulia linaniuma. Nikikaa, kuinuka ndiyo balaa, na kusujudu siwezi tena. Eksirei ilionyesha mifupa imeanza kusagana. Kliniki moja wameniandikia vikao 10 vya mashine ya ultrasaundi, ile ya kutibu goti kwa mawimbi ya sauti. Binti yangu anataka kuniagizia kile kimashine cha umeme cha kubandika, TENS. Jirani ananivuta kwenye hijama, na mume wangu anasema twende chemchemi ya Galanos nikaoge maji ya moto. Hela ni hiyo hiyo moja ya vitumbua. Nichague kipi, mwanangu?

JIBU: Shikamoo mama. Katika vyote ulivyotaja hakuna hata kimoja ambacho ningekitanguliza. Umesahau kimoja kisichouzwa, nacho ni paja lako.

Niungame kwanza. Nilipomaliza chuo Moshi nikarudi Tanga, nilikuwa mtu wa mashine. Mgonjwa akija na goti namlaza, namwaga jeli, nazungusha kichwa cha ultrasaundi dakika tano, anaondoka anashukuru. Wiki inayofuata karudi na goti lile lile. Nilichelewa kujiuliza kwa nini foleni yangu haipungui. Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, kuhusu viungo vilivyosagika unawaambia wahudumu wasitoe ultrasaundi wala TENS, maana ushahidi kwamba vinasaidia hautoshi. Vikao 10 hivyo mimi nisingevilipia.

Kimashine cha binti si uongo mtupu. Kinapitisha umeme mdogo kwenye ngozi, na wazo lake limetokana na nadharia ya watafiti Melzack na Wall ya mwaka 1965: mtekenyo ule hufunga lango ambalo maumivu yangepitia kwenda kwenye ubongo. Ndiyo maana ukijigonga kiwiko unakisugua bila kufundishwa. Ila ukikizima, lango linafunguka. Akipata cha kuazima, jaribu, asinunue. Mwenye betri ya moyo asikiguse.

Galanos nendeni. Maji yale yananuka kiberiti, lakini joto hulegeza misuli iliyokakamaa, na jioni ile goti litakuwa jepesi. Gegedu lililolika, ule mfupa laini unaozuia mifupa isisagane, haliponi kwa kuoga. Kama una sukari na miguu ina ganzi, mwenzio ayapime maji kwanza: nimewahi kumhudumia mama aliyekandwa kwa chupa ya maji ya moto, ngozi imebabuka kama ganda la kitunguu, naye hakuhisi kitu. Hijama nakuachia wewe na imani yako. Kwa goti hili sitegemei makubwa, na hakikisha wembe ni mpya. (Na bamia, ambazo watu husema zinarudisha ute wa goti, kula kwa sababu ni tamu.)

Sasa paja. Msuli mkubwa wa mbele ndio unaolibebea goti sehemu ya mzigo. Goti likiuma tunalikwepa, msuli unanywea, mzigo unaliangukia goti, maumivu yanazidi. Chukua kiti cha plastiki, vile vya harusini, kiegemeze ukutani, weka mto juu kiwe kirefu. Kunja mikono kifuani. Simama ukihesabu mpaka tatu, keti ukihesabu mpaka tatu, usijidondoshe. Mara 10, pumzika, mara 10 tena, siku moja ndiyo, moja hapana. Ukiona rahisi, toa mto. Litauma, na hapo ndipo wengi huacha. Yape maumivu alama kuanzia 0 hadi 10: yasivuke 5, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalivyokuwa. Yakizidi, punguza idadi, usiache. Jipe wiki 8 hadi 12.

Halafu kile kigoda. Najua mnavyokaa: magoti yamekaribia kidevu, saa nzima nzima mbele ya jiko la mkaa, mkono mmoja upawa, mwingine kijiti cha kugeuzia. Pandisha jiko juu ya matofali, wewe ukae kwenye kiti. Swala yako iswali ukiwa umeketi mpaka goti likubali, ruhusa ipo. Na kama mwili ni mzito, kila kilo unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na una homa, acha yote haya uende hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo. Na kama vidole vya mikono navyo hukakamaa kila asubuhi zaidi ya saa nzima, huenda ni baridi yabisi, na hiyo tiba yake ni nyingine.

SWALI: Nimeteguka kifundo cha mguu juzi Jumapili nikicheza mpira Tangamano. Kimevimba. Bibi ananikanda kwa maji ya moto na kunivuta. Ni sawa? — Kijana wa Chumbageni

JIBU: Kuvutwa hapana. Kama huwezi kupiga hatua nne kwa mguu huo, au mfupa wa kifundo unauma ukiubonyeza, kapige eksirei. Kama unakanyaga, funga bandeji ya kuvutika, uinue mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15, mara kadhaa kwa siku, kisha anza kuuzungusha taratibu. Bibi mpe salamu zangu, umwambie maji yake ya moto asiyatumie mpaka uvimbe ushuke.