Maswali ya Wasomaji: Taa, Kamba na Hewa ya Pangoni

Barua za safari hii zinahusu mapango. Tumechagua tano, na pale penye hatari kubwa tumejibu kwa urefu.

Nataka kuwapeleka wanafunzi 40 wa kidato cha pili kwenye mapango ya Amboni. Mwongozaji ana tochi yake na wanafunzi wengi wana simu. Kuna haja ya kununua tochi nyingine?
*Mwalimu, Tanga*

Ipo, Mwalimu. Tochi ya mwongozaji inamwangazia yeye na wawili watatu walio karibu naye. Mtu wa kumi nyuma yake anakanyaga kivuli cha mwenzake, na penye kuinama na kupenya ndipo mstari unapokatika. Simu nayo inakula mkono mmoja wakati mikono yote miwili inatakiwa ukutani. Ikidumbukia kwenye ufa imekwenda, na hiyo hiyo ndiyo mngeitegemea kuitia msaada mkishafika nje.

Wazoefu wa mapango wanafuata kanuni ya taa tatu kwa kila mtu, na kila moja iwe na uwezo wa kumtoa nje peke yake. Ya kwanza inakaa kwenye kofia, ya pili shingoni, ya tatu mfukoni, na betri za akiba zinafungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Kwa njia ya wageni ya Amboni, mkiwa na mwongozaji, tochi moja ya kichwani kwa kila mwanafunzi na mbili kwa kila mtu mzima zitatosha. Pango lisilo na njia ya wageni ni taa tatu, bila mjadala.

Usidanganyike na saa zilizoandikwa kwenye boksi. Kwa kawaida watengenezaji huhesabu mpaka mwanga ubaki sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, na mwanga huo hautoshi kuonyesha shimo lililo mbele ya mguu. Chukua nusu ya saa hizo kuwa ndizo zako. Tochi ya betri huweza kujiwasha ndani ya begi ikibanwa na vitu, kwa hiyo geuza betri moja mpaka mfike.

Gawa wanafunzi makundi manne ya 10, kila kundi na mtu mzima mbele na mwingine nyuma, na wahesabiwe kila mnaposimama. Mtu mmoja abaki nje na majina yote, saa ya kutoka, na saa ya kuita msaada iwapo hamjaonekana. Taa ya kwanza ikizima, ya mtu yeyote, kundi lake lote linageuka. Litangazeni hili mlangoni, kila mmoja akisikia, kwa sababu mtoto ambaye tochi yake imekufa huona aibu na hunyamaza, akijishikiza kwa mwanga wa wenzake mpaka akajikwaa.

Helmeti ya bodaboda inafaa pangoni? Na ile ya mafundi ujenzi?
*Kijana, Moshi*

Ya bodaboda hapana: nzito, inaziba masikio, inakuchemsha, na taa haikai. Ya ujenzi ni afadhali kuliko kichwa kitupu kwenye pango la kutembea tu. Kasoro yake ni kamba ya kidevuni, ambayo kwa kiwango cha Ulaya cha EN 397 imeundwa iachie ikivutwa kwa nguvu ya niutoni 150 hadi 250, kama uzito wa kilo 15 hadi 25. Ukiteleza, kofia inaweza kukuacha kabla hujafika chini. Kofia ya wapanda milima, EN 12492, kamba yake lazima ihimili niutoni 500. Hiyo ndiyo ya pangoni.

Nimepata kamba ya mtumba, mita 40, unene milimita 10.5. Muuzaji anasema inabeba tani mbili. Tunataka kuitumia kushukia kwenye pango la lava huko Chyulu. Nifanye nini kuikagua?
*Mpanda milima, Nairobi*

Ndugu yetu, tuanze na jibu: usiiningʼinizie mtu. Kamba ambayo hujui ilikotoka, hakuna ukaguzi unaoweza kuithibitisha kuwa salama. Nailoni ikiguswa na asidi ya betri ya gari, au hata ikikaa kwenye mvuke wake, hupoteza nguvu bila kubadilika rangi wala kunuka. Kamba ngapi zimesafiri nyuma ya pikapu pamoja na betri? Jua nalo huila polepole kwa nje. Hiyo yako ifungie mizigo.

Zile tani mbili ni za kamba mpya, iliyonyooka, isiyo na fundo. Kiwango cha kamba za kushukia, EN 1891 aina A, kinadai kiloniutoni 22, takriban tani mbili na robo. Ukifunga fundo unaondoa kama theluthi moja. Ikilowa inapungua tena. Ikisuguana na ukingo wa lava, ambao ni mkali kama chupa iliyovunjika, hesabu zote zimekwisha, maana kamba hukatwa na msuguano ikiwa bado ina nguvu tele. Kwa hiyo ukingoni tandika kitambaa kizito cha turubai au ala maalumu ya kulinda kamba, na ukifunge kisihame.

Ukinunua mpya, dai isiyonyumbuka. Kamba za kukwea miamba huvutika sana, na mtu anayepanda juu kwa kuivuta hurukaruka huku kamba ikisugua ukingo. Angalia ncha: kamba halali ina utepe mwembamba katikati ya nyuzi, umeandikwa kiwango na mwaka wa kutengenezwa. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 hata kama haijatumika.

Kabla ya safari ya kwanza iloweke usiku kucha kwenye maji safi, kisha ianike kivulini. Itapungua urefu, mara nyingi kama asilimia 5, na mita 40 zako zitakuwa 38. Pima upya baada ya kukauka. Wapo waliopoteza maisha kwa kushuka hadi ncha ya kamba na kuipita, wakiamini inafika chini. Dawa yake ni fundo kubwa kwenye ncha ya chini, kila mara, hata ukiiona sakafu.

Ukaguzi wenyewe huchukua dakika chache, kabla na baada ya kila safari. Ipitishe yote kati ya vidole bila glavu, futi kwa futi, na kila baada ya hatua kidogo ikunje. Kamba nzima hutengeneza upinde wa mviringo. Ikivunjika na kulala bapa, au ukasikia mahali laini au penye uvimbe, kiini kimeumia hata kama ganda ni zima. Kata hapo, au itupe. Tope liondoe kwa maji na sabuni isiyo kali, kwa sababu chembe za mchanga hupenya ndani na kukata nyuzi kila kamba inapobeba uzito. Kamba ya watu isivute gari, hata mara moja.

Chyulu ni hifadhi ya taifa, hivyo ombeni kibali kwanza. Msiwe chini ya wanne: mmoja akiumia, mmoja anakaa naye, wawili wanatoka kuita msaada.

Tunapiga kambi Suswa. Mvua ikinyesha tunaweza kuhamishia jiko la mkaa ndani ya pango?
*Kikundi cha matembezi, Naivasha*

Msifanye hivyo. Pango halina dirisha, na gesi ya mkaa unaoungua haina harufu: mtu husinzia, kisha haamki. Hata bila jiko, hewa ukaa ni nzito na hukusanyika sehemu za chini zisizo na upepo, hasa palipo na kinyesi cha popo au mimea inayooza. Mkianza kuhema haraka bila kazi na kichwa kikauma, geukeni. Msisubiri kiberiti kiwaambie. Moto huzimika oksijeni ikikaribia asilimia 16, na kabla ya hapo hewa ukaa inaweza kuwa imeshawadhuru.

Mwenzenu akianguka chini kwenye hewa mbaya, asishuke mwingine kumfuata. Ndivyo watu wawili watatu wanavyokufa kwenye kisima kimoja au shimo moja la choo.

Kuhusu mvua, mkaribie pango la mto kwa tahadhari zaidi. Juni 2018 huko Tham Luang, Thailand, vijana 12 na kocha wao walifungiwa ndani na maji, na wa mwisho akatolewa Julai 10. Mzamiaji mmoja alikufa katika kazi ya kuwaokoa. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi juu ya mlima huku kwenu jua linawaka. Inueni taa: nyasi kavu na vijiti vilivyonasa kwenye nyufa za dari, au mstari wa tope ukutani, vinaonyesha maji yalifika wapi. Vikiwa juu ya vichwa vyenu, msiingie masika wala vuli.

Tunaishi karibu na Mlima Elgon. Je, ni kweli popo wa pango la Kitum wanaua?
*Msomaji, Kitale*

Virusi vya Marburg ndivyo vinavyoua. Watu wawili waliozuru Kitum waliugua na kufa, mmoja 1980, mwingine 1987. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa baada ya kuzuru Pango la Chatu nchini Uganda. Mnyama anayebeba virusi hivyo ni popo wa matunda wa Misri, anayeishi mapangoni kwa makundi makubwa. Palipo na kundi lake, tunashauri mtazame mkiwa nje. Mwenye kazi ya lazima ndani avae barakoa ya N95, miwani, glavu na mikono mirefu, asiguse kinyesi, na avue nguo hizo nje ya nyumba. Vumbi la kinyesi hubeba pia ukungu (kuvu) unaoshambulia mapafu, na katika picha ya eksirei unaweza kudhaniwa kifua kikuu.

Ukiumwa na popo au kukwaruzwa naye, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Na homa ikikushika ndani ya siku 21 baada ya kutoka pangoni, piga simu hospitali kabla hujaenda, useme ulikuwa pango gani na lini. Homa ya Marburg huanza kama malaria, na asiyeambiwa atakupima malaria tu.