Mwambie daktari bei kabla hajaandika dawa

Msomaji mmoja wa hapa Bukavu ameniandikia: ana pumu, pompe yake ya kuvuta dawa, ya kahawia, imekwisha, ya bluu bado ipo, je, anaweza kungoja mpaka apate pesa? Dada, usingoje. Nakujibu mbele ya wote kwa sababu mko wengi, hasa tangu benki zifungwe mwaka 2025.

Ya bluu, salbutamol, inafungua kifua kwa dakika chache, na baada ya saa chache nguvu yake imekwisha. Ya kahawia, beclometasone, ndiyo inayotuliza uvimbe kwenye njia za hewa, lakini polepole, na lazima uivute kila siku hata ukijisikia mzima. Kwa kuwa haileti nafuu papo hapo, watu wanaona wanatupa franga zao.

Mama yangu alikuwa hivyo. Ana pumu tangu ujana, na amepikia makaa miaka yote. Alikuwa anavuta leo, anaruka siku mbili, kisha anatikisa kopo karibu na sikio asikilize kama kumebaki kitu. Alipolazwa, muuguzi alimgombeza mbele ya wagonjwa: "Mama, hujipendi?" Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa na pesa ya kuinunua. Neno lile linaniuma hadi leo. Na oksijeni ya usiku ule tuliilipia zaidi kuliko pompe yenyewe.

Siku hizi naingia naye, nasema kabla kalamu haijashikwa: "Daktari, tuna kiasi hiki." Akaandika jina la dawa badala ya jina la kampuni, na farmasini bei ikashuka. Akatufundisha pia kutoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, tundu la kubana mdomo wa pompe. Mama anavuta kupitia shingo ya chupa, dawa inafika kwenye mapafu badala ya kuishia kooni. Kisha anasukutua. Zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana pesa, ikifika, pompe inanunuliwa kabla ya kitenge. Mwezi huu amepanda mlima hadi mtaa wa Kadutu kwa miguu na kikapu chake, nami nilitembea nyuma yake nikijivuna.

Ndugu zangu, umaskini si kosa la kuficha mbele ya daktari. Semeni! Kopo nyingi zina mivuto 200: gawanya kwa unayovuta kwa siku, andika juu yake tarehe litakapokwisha, uanze kutafuta pesa mapema. Na wewe dada, kama ya bluu unaivuta kila siku, kifua hakijatulia. Rudi kwa daktari wiki hii, umtajie bei uliyoambiwa farmasini.