Maswali na Majibu: Maji ya Ndani, Mbu wa Ndani

Swali: Mtaro ulio mbele ya nyumba yetu umeziba na unanuka. Je, ndio unaotuletea homa ya dengi?

Jibu: Hunijia kila msimu wa mvua swali hili, na kila mara pipa la ndani halitajwi. Mbu aenezaye dengi, Aedes aegypti, hupendelea maji safi yaliyotulia. Hutaga kwenye kuta za ndani za mapipa, ndoo na matairi, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Kumwaga maji peke yake, basi, hakutoshi: pipa lisuguliwe ndani kila wiki, kwa kuwa penye joto yai huwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10 hivi, kisha lifunikwe pasibaki mwanya. Mtaro uzibueni pia, maana humo huzaliana Culex, mbu wa usiku ambaye katika baadhi ya nchi hueneza matende na mabusha. Hukuuliza, lakini nitasema: watu hujaza mapipa kwa sababu bomba halitoi maji kila siku, na mamlaka inayohubiri mifuniko huku mgao ukiwa vilevile inawatwika wananchi kazi yake.

Swali: Maji ya kisima chetu ni maangavu. Kuna haja ya kuyachemsha?

Jibu: Ipo. Vimelea vya kipindupindu havionekani kwa macho.

Swali: Lini litapita gari la kupuliza moshi?

Jibu: Sijui kwa nini watu hulisubiri kwa hamu hivyo. Moshi huua mbu walio angani wakati huo. Viluwiluwi vilivyo majini hubaki, na Aedes aliyejificha nyuma ya kabati mara nyingi hafikiwi.

Swali: Choo chetu cha shimo kina mbu wengi. Tumwage mafuta machafu ya gari?

Jibu: Msifanye hivyo, kwani yanaweza kupenya hadi kwenye maji ya ardhini mnayoyachota. Huko Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, chembe za polistirini, yaani plastiki nyepesi ya povu, zilimwagwa kwenye mashimo yenye maji. Zilielea zikafunika uso wote, mbu wakakosa pa kutaga na viluwiluwi vikakosa hewa. Shimo kavu halina haja ya chembe hizo.

Swali: Nina homa kali, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nimeze dawa ya malaria na aspirini?

Jibu: Zote mbili hapana. Ikiwa ni dengi, aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa na damu. Tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoelekezwa, na kunywa maji mengi. Homa ikishuka usijione umepona, kwa sababu dalili za hatari mara nyingi huanza hapo: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoa damu. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyohiyo.