Kabla ya Kupokea Arubuni ya Harusi: Ushauri kwa Mpiga Picha Anayeanza Visiwani

Vijana wanaotaka kuanza kupiga picha za harusi kwa malipo huniuliza kwanza wanunue kamera gani. Nalielewa swali hilo, kwa kuwa kamera ni ghali na fedha ni chache, lakini katika harusi za kwetu Unguja na Pemba liko swali linalotangulia: picha hizi zitaonwa na nani? Biharusi ambaye siku zote hatoki bila ya buibui, siku ya kupambwa huwa kichwa wazi, mikono imejaa hina na piko, vikuba vya asumini nyweleni, naye yuko mbele ya wanawake wenzake tu. Unapoingia mle ndani na kamera umepewa amana ambayo hata shemeji zake wa kiume hawapewi, na picha moja ikitoka ikazunguka kwenye simu za watu, hakuna fedha itakayoirudisha.

Ndiyo maana nashauri kwamba kabla ya kupokea arubuni ukae na biharusi mwenyewe, si mama yake peke yake wala kaka anayelipa, na ikiwezekana somo wake, yaani mwanamke anayemfunda na kumsimamia harusini, awepo. Muulize ni shughuli zipi zipigwe na zipi ziachwe, nani akabidhiwe picha, kama upande wa bwana harusi utapata nakala, na kama yupo jamaa asiyependa kupigwa kabisa. Muulize pia kama unaruhusiwa kuonyesha picha yoyote kwa wateja wengine, na akisita, basi jibu lichukue kuwa ni hapana. Mara nyingi hukubaliwa picha za mikono yenye hina, za chetezo kinachofuka udi au za vazi lililotundikwa, na hizo zinatosha kabisa kumwonyesha mteja mpya kama unaijua kazi. Yote hayo yaandikwe katika karatasi moja yenye tarehe na saini, pamoja na bei, kiasi cha arubuni na siku ya kukabidhi. Andikeni hata kama ni binamu yako, kwani kwa jamaa ndiko mambo yasiyoandikwa huleta uchungu mrefu zaidi.

Mimi hupiga upande wa wanawake tu. Mwanamume anayetaka kuchukua harusi nzima na atafute mpiga picha mwanamke, tena awe mwenzake anayejua kazi na anayelipwa haki yake, si mtu wa kubebeshwa mabegi. Yeye atakwenda msikitini na kumfuata bwana harusi, na mwenzake atabaki ndani. Pale bwana harusi anapoingizwa kumpa mkono mkewe, wanawake walio chumbani hujifunika, na wengine huchelewa. Teremsha kamera mpaka somo akupe ishara, hata kama unaona picha nzuri inakupita.

Kabla ya harusi, jizoeze kwa picha za mtu mmoja mmoja. Sikukuu ni nafasi njema, kwani watoto wamevaa nguo mpya na wazee wao wanataka picha. Jua letu la mchana hukaa karibu utosini, likaacha kivuli kizito machoni, kwa hiyo usimweke mtu katikati ya uwanja saa saba mchana. Mji Mkongwe una suluhisho lake: katika vichochoro jua halifiki chini, lakini huupiga ukuta mweupe wa juu, na ukuta huo huurudisha mwanga ukiwa laini. Muweke mtu barazani, uso wake uelekee kule mwanga unakotoka, kisha ngojea mabega yake yalegee. Nakuhimiza pia upite Studio ya Capital Art, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, utazame picha zake za zamani za nyeusi na nyeupe. Angalia mikono ya watu ilivyowekwa na kidevu kilivyoelekezwa. Mimi nimejifunza mengi kwa kutazama tu.

Anayetaka machweo aende upande wa magharibi, kama vile Forodhani au Shangani, lakini akumbuke kwamba mwanga huo mzuri hukutana na wakati wa sala ya magharibi. Maliza kabla ya adhana, usiwacheleweshe watu na sala yao.

Jambo linalowashinda wengi ni weupe. Kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa huidanganya kamera ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na nyuso zetu nyeusi zikatoka kama kivuli. Ongeza mwanga kwenye kamera kwa hatua moja (stop) hivi, utazame uso na wala si kanzu, na upige kwa faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, ili ubakiwe na nafasi ya kurekebisha. Ndani ya nyumba za kale dari ni ya boriti nyeusi na iko juu sana, hivyo flashi ukiielekeza juu haikurudishii kitu. Igeuze kwenye ukuta mweupe ulio ubavuni. Lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8, yaani inayoingiza mwanga mwingi, si ghali ukilinganisha na nyingine, na kwa chumba cha kupambia naiona ina faida kuliko kamera mpya.

Msikitini, omba ruhusa kwa imamu mapema, jua mahali pa kukaa, na zima flashi na sauti zote za kamera. Khutba ina muda wake, lakini maneno ya kuoza na kukubali hupita kwa sekunde chache na hayarudiwi kwa ajili yako.

Unyevu wa kwetu ni adui wa kudumu. Lenzi inayofungiwa kabatini huota kuvu, kwa hiyo iweke katika chombo kinachofunga vizuri pamoja na pakiti za kukaushia. Ukitoka katika ukumbi wenye kiyoyozi, kioo hujaa ukungu papo hapo; iache kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje. Betri na kadi za akiba ziwepo daima.

Kuhusu bei, usikubali harusi mbili kwa siku moja. Harusi hurundikana Shaabani kabla ya Ramadhani, kisha Mfunguo Mosi, yaani mwezi wa Shawali, na tamaa ni kubwa, ila biharusi wa pili atapata mpiga picha aliyechoka. Bei yako ihesabu pia siku za kuchagua na kusafisha picha, ambazo mteja hazioni.

Kazi ikikamilika, mimi hukabidhi diski mkononi mwa biharusi mwenyewe, wala siitumi kwa mtu mwingine hata akiwa ndiye aliyelipa, isipokuwa biharusi amesema hivyo katika karatasi yetu. Nakala yangu ya akiba huitunza mpaka tarehe tuliyokubaliana, kisha huifuta na kumjulisha kwamba imefutwa.