Nyota ya babu na yule sajini aliyerukia kifaru

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, aliondoka hapa Songea bado kijana akapelekwa Uhabeshi kupigana na Mtaliano. Alikuwa anatusimulia habari ya sajini mmoja wa kizungu aliyepanda juu ya kifaru cha adui kikiwa kinatembea, akafungua mfuniko akaanza kuwapiga bastola waliomo ndani. Sisi wajukuu tukajua babu anatia chumvi. Ni kweli kitu kama hicho kilitokea? Halafu katuachia medali, nyota ya pembe 6 yenye rangi kama ya shaba, kuna jamaa anaitaka kwa hela. Nayo ni ya ushujaa? (Mjukuu wa Keya, Songea)

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu yako hakutia chumvi hata punje, na nimefurahi sana umeuliza.

Yule sajini aliitwa Nigel Gray Leakey, mzaliwa wa Kiganjo kule Kenya, wa ukoo uleule wa Louis Leakey wa Olduvai. Siku yenyewe ni 19 Mei 1941, mahali panaitwa Colito, kwenye mto Billate, kusini mwa Uhabeshi. Na kikosi kilikuwa batalioni ya 1/6 ya Keya, yaani ya Tanganyika, vijana wa kwetu huku.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Kompania mbili zilikuwa zimeshavuka mto na kushika kipande kidogo tu cha ng'ambo, hawajaletewa hata silaha moja ya kuvunjia vifaru, mara Mtaliano akarudi na vifaru vyake. Leakey kazi yake siku hiyo ilikuwa mota, kile kimzinga cha kurushia makombora, cha inchi 3, alikuwa nyuma anawasaidia wenzake wavuke, makombora yakamwishia. Angeweza kukaa palepale, nani angemlaumu? Yeye akasogea mbele kutazama afanye nini kingine. Akaona kifaru kinakuja kwa nyuma ya wenzake, akakirukia, akakivuta mfuniko kwa nguvu mpaka ukafunguka, akampiga bastola kamanda na wengine wote isipokuwa dereva, huyo akamlazimisha akiendeshe mpaka mahali pa kujificha. Akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru chenyewe, ukagoma. Akashuka huku anapiga kelele kwamba atawafuata kwa miguu, akakimbia pale pale bombom zinapolia.

Hapa ndipo naomba usome polepole. Hakwenda peke yake. Maelezo rasmi ya medali yake, yaliyotoka kwenye gazeti la serikali kule London, yanasema alikuwa na sajini meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Wakavinyemelea vifaru, viwili vya mwanzo vikapita, cha tatu Leakey akakipanda, akafungua, akaua mmoja, ndipo kifaru cha nne kikammiminia risasi akaanguka. Alikuwa na miaka 28.

Alipewa Msalaba wa Victoria, medali ya juu kabisa ya ushujaa vitani ya Uingereza, iliyoanzishwa na Malkia Victoria mwaka 1856. Ni msalaba wa shaba nyeusi nyeusi hivi, una simba juu ya taji, utepe wake mwekundu wa damu ya mzee. Ilitangazwa tarehe 15 Novemba 1945, zaidi ya miaka 4 baada ya yeye kufa, na vita yenyewe imekwisha. Jina lake limeandikwa kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, pamoja na wengine wasio na kaburi linalojulikana.

Leakey alistahili, sina ubishi na hilo. Ila kila nikiyasoma yale maelezo roho inaniuma pale penye wale watatu, maana wamekimbilia vifaru vilevile, kwenye risasi zilezile, na maandishi yale hayawataji hata kwa jina moja, wameandikwa askari tu, neno letu la Kiswahili limo kwenye gazeti la mfalme lakini majina yao hayamo. Keya weusi walipewa medali nyingine za ushujaa vita ile, lakini Msalaba wa Victoria hakupewa hata mmoja.

Kuhusu nyota ya babu, hiyo siyo ya ushujaa, ni ya kuhudumu, walipewa askari wote waliofikisha masharti ya kuwepo kwenye uwanja ule wa vita. Tazama utepe kama bado upo. Ukiwa wa rangi ya mchanga, katikati mstari mpana mwekundu, pembeni mstari wa bluu nzito na mwingine wa bluu ya mbingu, hiyo ni Nyota ya Afrika. Ukiwa wa bluu nzito wenye mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa, basi babu alifika mpaka Burma. Usihangaike kutafuta jina lake nyuma, nyota hizo Waingereza walizigawa bila kuchonga majina, na ndiyo maana nakwambia usiuze, ikishatoka nyumbani kwenu hakuna atakayejua ilikuwa ya nani. Na usiing'arishe kwa mchanga wala steel wool, ifunge kwenye kitambaa kikavu uandike jina la babu kwenye karatasi uweke humohumo.

Halafu kaa na bibi kama yupo, au shangazi zako, waulize babu alikuwa anawataja kina nani alipokuwa anasimulia habari ya kile kifaru. Hasa huyo sajini meja. Jina lolote, hata la utani la kambini, liandike uniletee.