Jibu: Maduka ya zamani ya kuuzia magari Arusha mjini

Mkuu, umeuliza yale maduka ya zamani ya kuuzia magari pale Arusha mjini yalikwenda wapi, na kama majengo bado yapo. Mengi bado yamesimama, ila yana mabango ya biashara nyingine.

Achana na bango, kagua jengo lenyewe. Duka la magari lilihitaji kioo kipana kinachoanzia karibu na usawa wa sakafu, na ukingo wa barabara uliolazwa ili gari lipande. Zunguka uani: ukikuta mlango mpana wa kukunja, paa refu la bati na shimo la fundi lililofukiwa kwa zege, hapo palikuwa gereji. Sakafu ya mbele mara nyingi ilikuwa terazo safi, yaani zege la vipande vya mawe lililosuguliwa. Siku hizi wanaibandika tailsi juu. Roho inaniuma.

Biashara ilibanwa mapema. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, baadaye Shirika la Nyumba. Uagizaji wa magari nao ukaangukia mikononi mwa shirika la umma. Soko lilipofunguliwa, mitumba ya Japani ikaingia, na gari la kutolewa bandarini Dar halihitaji kioo cha maonyesho Arusha.

Land Rover 109 za enzi hizo, lakini, bado zinapakia watu na mbuzi kwenda minadani Monduli na Longido.

Mwenye picha za mabango ya zamani azitupie hapa.